Mama Mkwe na Kipimo cha Maji Yangu

Kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa yangu sikuwahi kula mbele ya mama mkwe wangu, na yeye hakuwahi kula mbele yangu. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe, ambaye hapa Kisangani tunamwita bokilo, ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Akiingia uani, mimi naingia ndani. Nikipita, anageuza uso upande wa ukuta. Tukiwa na neno la kuambiana tunalipitisha kwa mke wangu, na kama mke wangu hayupo, mmoja wetu husemea nyuma ya pazia. Hapakuwa na chuki ndani yake. Nilimpenda mama yule kama mtu anavyolipenda kanisa, yaani kwa kuvua kofia na kunyamaza.

Basi siku mke wangu aliponiambia kwamba mama yake atakuja kukaa nami mwezi mzima, peke yetu wawili, nilitafuta pa kuuficha uso.

Jambo lenyewe lilianzia kwa daktari. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, na kwa miaka mingi kilichoniinua pale kilikuwa ni sahani ya fufu tu, ule ugali wetu wa muhogo. Nilianza kuchoka bila sababu na kuamka koo limekauka. Daktari alinipima damu, akasema figo ziko sawa, ila sukari imepanda, lakini bado haijafika pabaya. Tujaribu kwanza kwa chakula, akasema, vidonge tutaviongelea baadaye. Akataja vya kuacha: fufu, kwanga ya muhogo, wali, mkate, viazi, na lituma. Alipofika kwenye lituma nilimwangalia kama mtu aliyenitukania mama. Ndizi makemba zilizochemshwa na kutwangwa na mafuta kidogo, hicho ndicho nilichokula tangu nilipoota meno. Nile nini basi? Samaki, akasema, mayai, nyama, mboga za majani, avoka, karanga kidogo. Rudi hapa baada ya mwezi.

Juma hilohilo binti yetu mkubwa, aliyeolewa Isangi, alijifungua mtoto wa kwanza. Mke wangu alilazimika kushuka mto kwenda kumlea, na hakutaka kuniacha peke yangu na masharti mapya. Ananijua. Alisema ningeyashika siku mbili, na siku ya tatu angesikia nimeonekana sokoni na kipande cha kwanga mkononi. Akamwita mama yake, ambaye anakaa upande wa maporomoko kwenye nyumba ya baba yake, mvuvi wa zamani. Akampa maagizo yote ya daktari, moja baada ya jingine, mama akayarudia kama katekisimu. Asubuhi iliyofuata mke wangu alipanda boti, na uani kwangu pakawa na kigoda kimoja, na juu ya kigoda bibi mwembamba wa miaka sabini na zaidi, mgongo ameugeuzia mlango wangu kwa heshima.

Alipika vizuri. Hilo lazima niliseme mapema. Aliweka chakula mezani, akatoka, kisha akagonga ukuta mara mbili kunijulisha kwamba niko huru kuingia. Samaki kwenye majani, pondu ya majani ya muhogo, mayai. Nilikula peke yangu, nikaiacha sahani, nikagonga ukuta mara mbili. Kwa siku chache tuliishi hivyo, kama wapangaji wawili wasiojuana.

Kuhusu maji daktari hakusema neno, na mimi sikuuliza. Aliyesema ni mdogo wangu wa Kinshasa. Yeye alikuwa amepungua kilo nyingi kwa kuacha vyakula hivyohivyo, na sasa alijiona profesa. Alinitumia sauti kwenye simu: "Grand, kaka yangu, siri iko mu maji. Kunywa litre tano, hata sita, kila siku. Maji itasafisha sukari yote." Nilimwamini, kwa sababu alisema kwa nguvu na kwa sababu ilikuwa rahisi. Mtu aliyenyimwa lituma hufurahi akiambiwa kitu anachoweza kukitumia bila kipimo.

Nikachukua bidoni ya lita tano, dumu la plastiki, nikaijaza maji yaliyochemshwa, nikaiweka chini karibu na mguu wa cherehani. Sheria yangu ilikuwa kwamba bidoni iishe kabla sijafunga kazi, na bado kila wakati wa chakula nanywa vikombe vingine viwili. Tena nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Niliona maadui wangu wote ni weupe: sukari, mchele, unga. Nikaiweka chumvi kundi moja nao. Nilimwambia mama mkwe kupitia pazia:

"Mama, naomba usitie chumvi kwenye chakula yangu."

"Daktari ndiye amesema?"

"Hapana, mama. Mimi mwenyewe."

"Bon," akajibu. Hiyo bon yake ilikuwa nzito, lakini heshima ilimzuia kuongeza.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya aibu. Choo chetu kiko mwisho wa uani, nyuma ya jiko, na kigoda cha mama mkwe kilikuwa katikati ya njia. Anayekunywa lita saba hawezi kukaa. Nilitoka, nikakohoa kumtahadharisha, akageuka ukutani, nikapita. Nikarudi, nikakohoa, akageuka tena. Baada ya nusu saa, vilevile. Ilifika mahali nikawa nabana mpaka macho yanatoka machozi ili nisimsumbue mama wa watu na kikohozi changu. Alikuwa akichambua karanga, na nina hakika kila nilipopita alipoteza hesabu ya ungo wake.

Siku tatu za kwanza nilijiona mwepesi, nikasema mdogo wangu ni mwerevu. Siku ya nne kichwa kikaanza kuuma. Siku ya sita misuli ya vigimbi vya miguu ikawa inakaza bila taarifa, hasa mguu wa kulia, ule wa kukanyaga pedali. Nikadhani ni kwa sababu sinywi maji ya kutosha. Nikaongeza. Kila nilivyozidi kuumwa nilizidi kunywa, na kila nilivyozidi kunywa nilizidi kuumwa, na hata mara moja sikukaa chini nikaunganisha mambo hayo mawili. Siku ya nane nilimshonea mtoto wa shule shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nililishika juu, nikaliangalia kwa muda mrefu, nikajua kuna kitu hakiko sawa ila sikuweza kusema ni nini.

Siku ya kumi, kama saa tano asubuhi, nilitoka kwenda uani. Nikakohoa. Mama mkwe hakugeuka. Alibaki akiniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema:

"Papa, hii ni mara ya nane tangu asubuhi. Na unatembea kama mutu ya kulewa."

Nilipita haraka, nikarudi haraka, nikajificha kwenye chumba changu cha kazi. Chumba kilikuwa kinayumba kama mtumbwi. Nikainama kuokota mkasi, na hapohapo mguu wa kulia ukakaza kuanzia kisigino hadi nyuma ya goti. Nilianguka na kiti. Nilipiga kelele, na sisemi kwa kujisifu, kelele yenyewe ilisikika mpaka kwa jirani.

Mama mkwe hakuwahi kuingia chumba kile nikiwa ndani. Siku hiyo alisukuma pazia, akapiga magoti kati ya vipande vya kitambaa, akaushika mguu wangu. Aliushika kwa mikono yote miwili, mguu mtupu wa mkwe wake, akanikunjia vidole vya mguu kuelekea kwangu, taratibu na kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo. Maumivu yakalegea. Mimi nililia. Sijui ni kwa maumivu au kwa kuona kichwa chake chenye mvi kimeinama juu ya mguu wangu.

"Sasa unijibu," akasema, bado ameushika. "Hii maji yenye kutoka, iko na rangi gani?"

"Mama, hiyo si neno ya kuongea na wewe."

"Aibu tutaiona nayo kesho. Leo unijibu."

Nikaangalia dari. "Haina rangi, mama. Iko nyeupe tu."

"Kama maji yenye unakunywa?"

"Ileile."

Akaiangalia bidoni, imebaki robo. Akaangalia midomo yangu. Halafu akaniambia habari ya baba yake. Alipokuwa msichana, baba yake alikuwa akishinda juu ya miti ya kubebea mitego ya samaki pale maporomokoni, jua kali, akitoka jasho na kunywa maji ya mto kwa kopo bila kula kitu. Akirudi nyumbani miguu inamkaza hivihivi, anatapika, anaongea maneno ya ovyo. Mkewe hakumpa maji. Alimpa mchuzi wa samaki wenye chumvi, kidogo kidogo. "Chumvi yake ilikuwa imetoka na jasho," akasema. "Yako naona inatoka kule nyuma ya jiko."

Alikwenda jikoni, akarudi na bakuli la mchuzi wa makayabu, samaki wa chumvi aliokuwa anajipikia mwenyewe. Alinishikia bakuli. Nilikunywa mbele yake, yeye ananiangalia, na kati yetu hapakuwa na ukuta wala pazia. Ulimi wangu ulivyoikuta ile chumvi, nilihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbali.

Hakuridhika na hapo. Alisema yeye si daktari, na baba yake hakuwa na sukari. Akasimamisha barabarani baiskeli mbili za toleka, zile za kubeba abiria, akaniweka nyuma ya moja, akapanda ya pili, akamwagiza mwendeshaji wangu aende polepole na asinipe maji hata nikiomba. Hivyo ndivyo tulivyofika kituo cha afya, mkwe mbele na mama mkwe nyuma, watu wa mtaa wakitutolea macho.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alinipima presha, akaikuta imeshuka kidogo. Akanichoma kidole, sukari ilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Akauliza ninakula nini, ninakunywa nini. Nilianza kusema "maji kiasi tu." Mama mkwe akanikata: "Bidoni nzima ya litre tano, na vikombe juu yake. Na chumvi ameiacha."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alinieleza, na nilivyoelewa ndivyo ninavyosimulia. Mtu akila fufu na lituma, mwili huweka akiba ya chakula hicho, na akiba hiyo hushika maji. Ukiacha, akiba inaisha na maji yake yanatoka. Ndiyo maana siku za kwanza mtu anakojoa sana na anapungua haraka. Figo nazo zinaachia chumvi nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo ni kweli kwamba mtu wa chakula hiki anahitaji maji. Lakini anahitaji na chumvi pia, na mimi nilikuwa nimeifungia mlango huku naimwaga kwa lita saba za maji matupu.

"Maji nayo inaweza kukuua, papa," akasema kwa upole. "Kama ungechelewa, ungeanza kupotewa na akili kabisa, hata kuanguka kifafa."

"Basi ninywe ngapi?"

"Hakuna hesabu moja ya watu wote. Sikiliza kiu. Hapa kwetu na hili joto, wewe mwenye kazi ya kukaa, litre mbili, mbili na nusu, unaigawanya siku nzima. Ukitembea juani, ongeza. Ukihara ao ukipata homa, ongeza na uje hapa. Uangalie mikojo: ikiwa kama chai, unakunywa kidogo. Ikiwa kama maji ya mvua siku nzima, unazidisha. Iwe njano ya kupauka, kama maji ya ndimu." Kisha akamgeukia mama mkwe, kana kwamba ndiye mgonjwa. "Na chumvi umrudishie kwenye chakula, mama. Yeye hana presha ya juu, figo yake, naona mu kitabu yake, daktari aliikuta iko muzuri. Lakini jirani mwenye presha, ao moyo, ao anayekunywa vidonge, asifuate hii bila kuuliza daktari yake."

Alinilaza pale mpaka saa tisa, hakuna maji, mchuzi kidogo kidogo, akinijia kila mara kuniuliza jina langu na siku ya juma. Mama mkwe alikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda. Kila muuguzi aliponiuliza siku ya juma, nilimwona mama akitikisa midomo, akinijibia kimyakimya ili nisikosee.

Tangu jioni ile maisha ya nyumba yakabadilika. Bidoni aliichukua, sikuiona tena. Mahali pake aliweka kikombe cha bati chenye maua mekundu. Alinijazia nilipoamka na nilipokula asubuhi, akajaza tena katikati ya kazi, na mchana, na alasiri. Usiku hakunijazia. Katikati, nikisikia kiu, nilijaza mwenyewe. Samaki wakarudi na chumvi yao, mchuzi wa mifupa ya ng'ombe ukawa unachemka kila Jumamosi. Maumivu ya kichwa yaliisha baada ya siku mbili. Miguu ilichukua kama wiki.

Na swali lake hakuliacha. Kila asubuhi, nikirudi kutoka nyuma ya jiko, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Ili kunionea huruma alikuwa ametengeneza lugha.

"Papa, leo ni chai, ni mvua, ao ni ndimu?"

"Ndimu, mama."

"Merci."

Siku moja mke wangu alipiga simu wakati huohuo, nikiwa nimeishika mkononi. Alisikia. "Mama anakuuliza nini?" Nikamweleza. Alicheka mpaka simu ikawa inakwaruza. Halafu akavuta kamasi, na nilijua kwamba huko Isangi, na mjukuu mapajani, alikuwa anafuta macho.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilipopona nilijiamini. Nilibeba mashati ya shule kupeleka sokoni saa sita mchana, nikazunguka juani mpaka saa kumi bila kunywa kitu, kwa kuwa sasa maji nilikuwa nayaogopa. Asubuhi iliyofuata ilikuwa chai, tena chai ya rangi, bila maziwa. Nilijaribu kusema ndimu. Mama mkwe aliinua macho.

"Unadanganya."

"Ndiyo, mama."

"Kwanza ulikunywa kama mamba, sasa unaogopa kama paka. Chukua kikombe."

Ile siku nilikula kwenye kigoda cha pili, uani, kando yake. Hakuna aliyeamua. Alikuwa ameweka samaki wawili kwenye sinia moja, nikakaa, naye hakuondoka. Nikagundua kwamba anatafuna upande mmoja kwa sababu ya jino, na kwamba anapenda pilipili kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Miaka ishirini na tisa sikujua.

Mwezi ulipoisha nilirudi kwa daktari. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri, suruali zangu nilikuwa nimezipunguza kiunoni mara mbili. Akasema tuendelee hivi, vidonge visubiri. Nilimsimulia habari ya maji, akashika kichwa, akasema alipaswa kunieleza siku ya kwanza. Nikamwambia mimi nami nilipaswa kuuliza. Tukaachana vizuri.

Mke wangu alirudi na picha za mtoto na samaki wa moshi kutoka Isangi. Mama mkwe alifunga kifurushi chake siku hiyohiyo, kwani nyumba yake haikuweza kukaa zaidi bila mtu. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeandaa maneno, hata nikayajaribu peke yangu kwenye cherehani. Nilipofika mbele yake yote yalinitoka, nikabaki nasema, "Mama, mama," naye akasema, "Nimesikia."

Siku hizi, Jumapili baada ya misa, mimi na mke wangu tunakwenda kumsalimia. Shemeji zangu wanaume hawakupenda kuona nakaa karibu naye. Mmoja wao, mkubwa, alimwambia mama yake kwamba tunaharibu desturi. Yeye akamjibu kwamba desturi aliifuata miaka ishirini na tisa na hakuna aliyemsifu. Mimi namheshimu vilevile. Ninavua kofia vilevile. Nimeacha kugeuka ukutani tu.

Jumapili moja alikuja yeye kwetu na kitambaa cha liputa, kitenge cha maua, akataka nguo ya kanisani. Nguo zake zote nimemshonea mimi, lakini vipimo alichukuliwa na mke wangu, mimi nikakata kwa namba tu. Mara hii mke wangu alikuwa jikoni, mama akasimama katikati ya chumba na kunyoosha mikono. Nilichukua utepe wangu shingoni, nikampima mwenyewe. Mabega yake ni madogo kuliko nilivyodhani, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Kumbe nguo zote zile zilikuwa zikimvuta upande, na hakuwahi kulalamika. Nilikata kwa utulivu, nikaishona kwa siku mbili, nikampelekea. Alivaa, akainua mkono wa kushoto juu, akaushusha, akauinua tena, akacheka.